Ushindi wa Dawa Dhidi ya Uchovu wa Punda

Ninayo heshima kuutangazia umma kwamba uchovu wa misuli ya wanyama umeshindwa rasmi. Aliyeushinda ni mimi, Mkurugenzi wa Uchovu.

Dawa yetu ya sindano ilipaswa kumrudishia punda nguvu mbele ya Waziri. Ikishindikana, kurugenzi ingevunjwa, nami ningeupoteza mlango wangu wenye kibao. Nilikuwa na hofu, sifichi. Tatizo ni kwamba punda wetu wa utafiti wamenenepa kwa posho ya majani na hawajawahi kuchoka. Tukaamua kuazima punda wa mama muuza maji, kwani punda huyo alikuwa hoi kweli kweli.

"Nikikupa punda, mkokoteni atauvuta nani?" akauliza mama.

"Serikali, mama," nikajibu kwa madaha.

Siku hiyo serikali ilikuwa mimi. Dereva alikuwa anaumwa mgongo, wahudumu walikuwa kwenye semina ya uchovu. Nikavuta madumu ya maji mtaa kwa mtaa, tai imenigeukia mgongoni, watoto wakinishangilia.

Huku nyuma sindano ilisubiri kibali. Mwenye muhuri alikuwa ametoka kidogo, na kutoka kidogo kwake kunajulikana. Punda akalala kivulini, akaamka, akala maua ya ofisi. Niliporudi nikihema, ulimi nje, Waziri alikwishafika, muhuri ndio kwanza umegongwa, na punda anarusha mateke.

"Dawa kiboko!" Waziri akapiga makofi.

"Imefanya kazi hata kabla hatujamdunga, mheshimiwa," naibu wangu akafafanua.

Lakini dozi ikishaidhinishwa lazima itumike. Daktari wa mifugo akasoma kibali kwa sauti: "Adungwe aliyetoka kuvuta maji." Wote wakanigeukia.

"Mimi ni mkurugenzi!" nikalalama.

"Kibali hakijataja cheo, bosi. Geuka."

Nikadungwa. Miguu ikalegea, nikaketi chini bila kupenda. Waziri akalinganisha matokeo kisayansi: asiyedungwa ana nguvu, abaki ofisini; aliyedungwa arudi kwenye mkokoteni kwa uchunguzi zaidi. Nilitamani kulia, ila itifaki hairuhusu.

Mama muuza maji, aliyekuja kumfuata punda wake, akanizunguka, akanipapasa mabega. "Huyu anakula sana?"

"Anakula, mama," naibu akasema. "Kama anafanya kazi, hilo hatujawahi kulichunguza."