Fulana za Dubu Mweupe

Mshauri hakuwa mshauri wa mtu yeyote. Jina hilo alijipa mwenyewe siku aliyonunua suti ya mtumba yenye mfuko wa kalamu, na kwa kuwa hakuna aliyembishia, likamganda. Huu ulikuwa mwaka wa pili analala kwenye kochi la dada yake, fundi cherehani, akisubiri mambo yakae sawa. Wiki hiyo dada alimwambia waziwazi: binti yake alikuwa anarudi nyumbani na mtoto mchanga, kochi linatakiwa, na mwisho wa mwezi ndio mwisho.

Mshauri akawaza kwa bidii, kazi pekee ambayo hakuwahi kuikwepa. Pembeni ya cherehani palikuwa na fulana nyeupe mia moja na ishirini, zilizoagizwa na kampuni iliyofunga milango kabla ya kuja kuzichukua. Juu yake dada alikuwa ametandaza gazeti la zamani kukinga vumbi, na kwenye gazeti hilo alikuwamo dubu mweupe, amesimama peke yake juu ya kipande cha barafu, uso kama wa mpangaji aliyepewa notisi. Mshauri alimwonea huruma kwa muda unaostahili, yaani nusu dakika. Kisha akatazama ng'ambo ya barabara, kwenye kiwanda cha barafu.

"Dada," alisema, "unaweza kutarizi dubu?"

Wa kwanza alitoka na masikio marefu.

"Huyu ni mbuzi," Mshauri alisema.

"Mimi sijawahi kukutana naye. Wewe umewahi?"

Wa tatu alikuwa dubu kamili, hata huzuni alikuwa nayo. Chini yake dada akatarizi kwa uzi wa bluu: Ukumbusho wa Mwaka wa Dubu. Mwaka huo ulikuwa umetangazwa na Mshauri peke yake, jikoni, mkononi ana kikombe cha chai. Walikubaliana kugawana nusu kwa nusu. Kuhusu mengine dada hakuuliza, maana alimjua mdogo wake na alitaka kulala usingizi.

Mwenye kiwanda aliitwa Mzee Baridi. Alikuwa mnene, mpole, na hakuna mtu mjini aliyewahi kumtoa senti moja bila yeye kupata mbili. Mshauri aliwapenda watu wa aina hiyo. Mtu asiye na tamaa, utamshika wapi?

"Kwa hiyo hao dubu wanaishi juu ya barafu," Mzee Baridi alisema, akikoroga chai ofisini kwake.

"Juu yake kabisa, mzee. Wanalala hapo, wanawinda hapo. Na inayeyuka. Fulana hizi ni za kuwaokoa."

Kijiko kikasimama. "Inayeyuka. Na barafu nyingine wanauziwa na nani?"

Mshauri alikuwa amejiandaa kuzungumzia watoto wa dubu na vizazi vijavyo. Mlango huu ulijifungua wenyewe. Akatazama nyuma, akashusha sauti. "Zabuni haijatangazwa bado. Lakini watakaofikiriwa kwanza ni waliochukua fulana. Hasa aliyezichukua zote."

"Niandikie."

Karatasi ilikuwa tayari, yenye muhuri wa duara aliouchongesha kwa fundi viatu. Na kwa kuwa aliwahi kusumbuliwa na wateja waliobadili mawazo, aliweka kifungu alichojivunia: Mchango wenye thamani ya fulana, wa namna yoyote iwafaayo dubu, ukishapokelewa haurudishwi. Kwa "namna yoyote" alimaanisha noti, hundi au simu. Mzee Baridi alikisoma mara mbili, midomo ikitembea, akatia saini na kuomba nakala. Fulana zikavushwa barabara siku hiyohiyo. Mchango ungeletwa asubuhi.

Asubuhi lori la kiwanda likarudi kinyumenyume hadi mlangoni kwa dada.

"Mabonge mia mbili," dereva alisema, akifungua nyuma, moshi wa baridi ukimzunguka magotini. "Mzee anasema uwafikishie dubu mapema, jua likipanda itakuwa tabu."

Mshauri alivuka barabara mbio. Kiwandani kila kifua kilikuwa na dubu.

"Mzee, mimi nilitegemea pesa."

"Dubu watafanyia nini pesa?" Mzee Baridi aliuliza kwa upole. "Kuna maduka huko?"

"Lakini usafiri, mzee..."

"Usafiri ni wenu. Nakala ninayo. Au niipeleke polisi wanisaidie kuisoma?"

"Hapana, mzee. Inasomeka vizuri."

"Na fulana zimeshonwa vizuri. Nimeagiza dada yako aje, atanishonea sare za wafanyakazi mwaka mzima. Yeye nitamlipa pesa. Yeye si dubu."

Aliporudi, maji yalikuwa yameanza kupita chini ya mlango kuelekea kwenye cherehani. Dada yake alimwonyesha mkokoteni wa jirani kwa kidole, naye Mshauri akavua koti.

Siku hiyo alisema ukweli mtupu kwa saa saba mfululizo: hii ni barafu, ni baridi, inayeyuka, nunua sasa. Aliwauzia wenye samaki, wenye soda, na kinyozi aliyetaka kukaa juu yake tu. Nusu ya mabonge iliishia mtaroni. Viganja vilikufa ganzi, suruali ya suti ikasinyaa hadi kwenye ugoko, na jioni alipohesabu alikuta kodi ya chumba kimoja, baada ya kumpa dada nusu yake.

"Kesho utapita saa ngapi?" muuza samaki alimuuliza.

"Saa moja," Mshauri alijibu, na jibu lilikuwa limeshatoka kabla hajapata nafasi ya kutunga jingine.

Ndiyo maana alfajiri iliyofuata alionekana kwenye foleni ya kiwandani, mkokoteni mkononi, nyuma ya watu wanne. Zamu yake ilipofika, Mzee Baridi alichungulia dirishani, amevaa fulana yake.

"Mabonge mangapi, bwana Mshauri?"

"Ishirini, mzee."

"Kwa bei ya dubu au ya watu?"

"Ya watu," Mshauri alisema, akatoa pesa taslimu.