Vita vya Polepole Ukumbini

Jumatatu, 3 Machi

Shajara, niwie radhi. Wiki saba sijakuandikia hata mstari mmoja. Sikuwa mgonjwa wala mvivu. Nilikuwa nikijifunza taichi, yale mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole, na mwanafunzi wa kweli hana nafasi ya porojo.

Sasa kuna habari. Mwalimu wetu, muuguzi mstaafu, anahamia kwa binti yake. Jumamosi atamteua mtu wa kusimama mbele ya darasa badala yake. Tunaotajwa ni wawili: mimi, niliyesimamia mitihani miaka thelathini na mmoja, na Fundi Cherehani, ambaye huja kwa ajili ya magoti. Magoti! Nilimkumbusha Mwalimu kwamba taichi ni sanaa ya vita. Kila mkono unaoinuka unazuia ngumi ya mtu. Akakubali. Kisha akasema wenzangu wamefuata nafuu ya presha, basi nisiwapandishie. Sijapata kudharauliwa namna hii.

Jumanne, 4 Machi

Mpango: niwe tayari kwa mapigano kabla ya Jumamosi. Nilimwomba mke wangu anivamie kwa mwiko. Kinga ya mwiko ni pigo la kumi na nne katika mfululizo wetu, nami siwezi kulifikia bila kuanza na la kwanza. Nilikuwa katika la tatu nilipopigwa utosini. Nikamwagiza angoje nifike. Akaniuliza kama mwizi naye nitamkaribisha kiti angoje. Akarudi kwenye sufuria yake. Utovu wa nidhamu huanzia nyumbani!

Alhamisi, 6 Machi

Nilimwita Fundi mbele ya darasa zima tusukumane mikono. Sharti ni moja: viganja vigusane, na atakayesogeza mguu ameshindwa. Nikasimama kama nguzo. Nikasukuma kwa nguvu zangu zote. Fundi hakuwapo! Alikuwa amegeuza kiuno tu, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Nikapita. Nikavifikia viti vya plastiki vilivyopangwa ukutani, vyote vikaja nami. Fundi alijaribu kunidaka kwa mkono wa shati langu. Mkono ukabaki kwake, mimi nikaendelea.

Bibi mmoja wa safu ya nyuma akauliza kama zoezi hilo nalo ni la presha. Watu wazima walicheka mpaka wakakaa chini. Mwalimu akasema hivyo ndivyo vita vyenyewe: mwenye nguvu mpishe, ataangushwa na nguvu zake. Upuuzi! Kwa hesabu hiyo, bingwa wa dunia ni mlango.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwandikia Mwalimu barua ya kurasa tatu. Napendekeza kanuni: mpinzani abaki pale pale alipokuwa msukumo ulipoanza. Kabla sijaikunja, Fundi akabisha hodi. Amelirudishia mkono shati langu alilopelekewa na mke wangu, mshono hauonekani. Hila! Mke wangu akamwita shemeji, akamkalisha kwenye kiti changu.

Ndipo Fundi akatoa neno lake. Yuko radhi kujitoa. Mzee, yaani mimi, asimame mbele, mradi yeye asimame kando awaonyeshe wenye magoti. Nikashtuka. Ndivyo alivyofanya jana: anapisha ili nianguke! Nikakataa katakata. Mke wangu akajishika kichwa, akatoka nje.

Jumamosi, 8 Machi

Fundi ameteuliwa. Makofi yalikuwa marefu kupita kiasi. Papo hapo akaniomba niwe msaidizi wake. Msaidizi! Mimi!

Nimekaa nikajipima kwa haki, bila kujipendelea. Kosa langu la Alhamisi lilikuwa moja tu: sikusukuma kwa nguvu ya kutosha. Nimemtaka Fundi turudiane Jumatatu, na safari hii nitaanzia mbali, kwa mbio. Mke wangu ameniuliza huo ukuta wa ukumbi umenikosea nini. Fundi amesema apewe muda afikiri, kwa kuwa anayahurumia mabega yangu. Woga mtupu! Akishaamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo.