Thelathini na Nane Kamili

Jumapili, tarehe 12 Januari

Daktari amesema moyo wangu umechoka, niweke mambo yangu sawa. Hakusema lini. Siku hizi madaktari hukitaja kifo kama watu wanavyotaja mvua: ipo njiani, mama, usitoke bila mwavuli. Basi nimeanza kuungama kwa maandishi, kama inavyomfaa mwalimu mkuu mstaafu. Dhambi ya kwanza: wifi yangu.

(Binti yangu akisoma hapa atasema mama, wifi si dhambi. Hajawahi kuwa na wifi.)

Jumamosi inafunguliwa maktaba mpya ya shule niliyoiongoza. Nimealikwa kukata utepe. Furaha iliyoje! Kisha nikasoma mstari wa pili wa kadi. Nitakata pamoja na wifi, aliyekuwa mwalimu wa ushonaji. Mkasi mmoja, sisi wawili. Nani kabuni balaa hili?

Gauni ninalo. Pamba nyepesi, maua madogo ya bluu, linaishia katikati ya muundi. Kwa joto hili huwezi kuvaa zaidi ya hapo. Tatizo ni kilicho chini ya pindo. Gauni refu husitiri. Suruali husitiri. Gauni la kiangazi huitangaza miguu kama mpiga mbiu. Nikivaa viatu vya kufunika, miguu inaiva. Nikivaa vya mchuchumio, naanguka. Ndala na utepe haviendi pamoja.

Binti yangu kashatoa hukumu: nipate viatu vya wazi, vya chini, vinavyonikaa, ama Jumamosi naingia shuleni kwa kiti cha magurudumu. Kiti keshakiazima. Kimekaa barazani kinanitazama. Wifi, ambaye muda wote alikuwa anakunywa chai yangu, akajitolea kukisukuma. Usijali wifi yangu, akasema, nitakusukuma polepole. Akatabasamu hadi magego.

Mbele ya wanafunzi wangu wote! Bora nife Ijumaa.

Jumatatu, tarehe 13 Januari

Duka la viatu. Wifi kaja kunisindikiza, yaani kupeleleza.

Muuzaji aliuliza navaa namba ngapi. Nikajibu kwa sauti ya paredi: thelathini na nane. Wifi akaongeza bila kuulizwa kwamba hata yeye ni thelathini na nane, tangu usichana.

Hapa niungame. Miguu yangu ni arobaini na moja. Lakini siku ya kuingia kwenye ukoo ule, nikiwa bibi harusi mwenye aibu zangu, wifi alinitazama kuanzia chini, akawageukia shangazi zake na kuuliza kama kaka yake kaoa mke au kaoa mitumbwi miwili. Walicheka mpaka mmoja akashikwa na kwikwi. Kuanzia siku hiyo nikawa thelathini na nane. Nimetembea juu ya uongo huo maisha yangu yote, na nina nundu kando ya kila kidole gumba kama ushahidi.

Nilichagua vya rangi ya maziwa, vyenye ukanda nyuma. Mguu ukakataa. Muuzaji akaleta kijiko cha kuvalia viatu. Akapiga magoti. Akatokwa jasho. Akaita mwenzake. Mguu ukaingia! Nikasimama, nikasema vizuri sana, kama vimeshonwa kwa ajili yangu. Machozi yakanitoka, nikasema ni furaha.

Kutoka ndiko kulikokuwa na kazi. Walikikata kiatu kwa mkasi. Imebidi tukilipie. Wifi akanipa pole, akasema labda miguu imevimba, wifi yangu. Nikamwambia ni joto. Akasema ee, joto la tangu harusini.

Jumanne, tarehe 14 Januari

Wifi kaja tena, kujulia hali miguu. Viatu kaviacha mlangoni kama wageni wote, kapita ndani peku. Binti akampeleka uani kumwonyesha miche yake ya nyanya.

Nikavitazama. Ngozi laini ya kahawia, kanda mbili pana zinapishana, soli ya chini, nene, yenye kubonyea. Vinakwenda na sketi, vinakwenda na gauni, vinakwenda hata na kiburi. Na ni kweli, tangu wiki iliyopita wifi anatembea kama paka.

Nikavijaribu. Kuvijaribu tu! Nani atamhukumu mgonjwa?

Jamani. Vidole vyangu viliachana, vikanyooka, vikasalimiana kama ndugu waliopotezana vitani. Nilitembea kutoka mlangoni hadi kwenye kabati na kurudi bila kushika ukuta. Nundu zote mbili zikanyamaza. Nikakigeuza kimoja nione soli. Namba imegongwa waziwazi: 38.

Nilikaa chini kutafakari. Miaka mingi nilifundisha hesabu, najua kufikia jibu. Kiatu ni thelathini na nane. Mguu wangu umekaa ndani kwa starehe. Kwa hiyo mguu wangu ni thelathini na nane. Umepungua! Kumbe uzee, baada ya kuninyang'anya meno, masikio na usingizi, umenirudishia kitu. Nimeingia kwenye ukweli kupitia mlango wa nyuma, lakini nimeingia.

Nikavirudisha kabla hawajamaliza nyanya.

Jumatano, tarehe 15 Januari

Nimemtuma binti anunue vile vile. Rangi ile ile, kanda zile zile, thelathini na nane. Aliuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia mimi ndiye niliyemfundisha kuhesabu.

Vimekuja. Haviingii! Kisigino kimebaki nje kama mtu aliyefungiwa mlango.

Binti akasema kwa upole, mama, tuchukue kubwa zaidi. Nikamwambia asinitukane katika siku zangu za mwisho.

Nimetafakari tena. Jibu ni rahisi: vya wifi vimekwisha kulainika. Viatu ni kama wanafunzi, vinahitaji muda na mtu wa kuvikanyaga. Mimi muda sina, daktari kasema. Wifi anao. Haki iko wapi hapo?

Mpango umejileta wenyewe. Vyangu ni vipya, vyake vimevaliwa. Vyangu thelathini na nane, vyake thelathini na nane. Nikivibadilisha, wifi anapata viatu vipya na mimi napata vilivyolainika. Huo si wizi. Kwa kweli ni zawadi. Alasiri yote nimekuwa barazani nikivisugua viatu vipya kwa udongo wa vyungu vya maua ili visionekane vipya. Binti akauliza nafanya nini. Nikamwambia natubu.

Alhamisi, tarehe 16 Januari

Tumekwenda kumtembelea wifi. Vyangu nilikuwa nimeviburuta kisigino kikiwa nje, nikaviacha mlangoni sambamba na vyake. Nikaingia peku, mnyenyekevu kama mwana-kondoo. Nikaisifu chai yake. Nikayasifu mapazia yake, ambayo yanafanana na sare za wafungwa. Akaanza kunitazama kwa wasiwasi, akauliza kama daktari kasema kitu kipya.

Wakati wa kuondoka nikajidai kizunguzungu, nikaomba nitangulie nje kupata hewa. Nikavaa vyake. Nikashuka ngazi zake zote bila kushikwa. Binti akafungua mlango wa gari akiwa ameduwaa. Mama, leo umepona? Nikamwambia ni sala.

Nyumbani nimetembea hadi getini na kurudi. Kiti cha magurudumu kimekunjwa. Ushindi!

Ijumaa, tarehe 17 Januari

Ukanda mmoja unalegea kidogo. Binti akanipeleka kwa fundi viatu wa pale kona, anayetushonea familia nzima, mtu wa maneno mengi na misumari mdomoni. Anaongea bila kumeza hata mmoja. Binti akabaki garini na simu yake.

Fundi akakipokea kiatu, akakigeuza, akacheka. Akasema hivi anavijua. Nikasema haiwezekani, ni vyangu. Akasema mama mkuu, namba hii nimeigonga mwenyewe kwa mkono wangu, nikaifuta ya kiwandani kwa msasa. Hiki ni kiatu cha arobaini na moja. Yule bibi wa ushonaji huniletea kila anachonunua, tangu marehemu baba yangu akiwa kwenye benchi hili hili.

Nikashika meza. Sio moyo. Kicheko. Nimecheka mpaka fundi akatema misumari na kuniletea maji.

Arobaini na moja! Yule aliyeniita mitumbwi! Mwenyewe anatembea juu ya majahazi!

Kisha nikaacha kucheka. Maana yake miguu yangu haijapungua. Maana yake pia hivi sasa wifi yuko kwake, kajibana ndani ya thelathini na nane za kweli, na hawezi kumwambia mtu yeyote kwamba vimembana.

Jioni simu ikalia. Binti akanieleza kwamba shangazi yake kalala mapema, miguu imemvimba. Kasema ni joto.

Dhamiri ilinichoma. Nilipanga kumpigia. Nikaona nisimwamshe.

Jumamosi, tarehe 18 Januari

Siku yenyewe. Gauni limepigwa pasi. Nimeshuka garini kwa miguu yangu, na wanafunzi wangu, ambao sasa ni mabibi wenye miwani, wakapiga makofi. Mmoja akalia. Nilikuwa nimemfelisha mara mbili.

Wifi alifika nyuma yangu. Sketi ya zambarau, kanda za kahawia, na kati ya kanda hizo nyama imefura kama unga uliosahauliwa. Anatembea kama mtu anayekanyaga mayai ya mwenzake. Kila hatua anatabasamu, kila tabasamu linafupika.

Kuna ngazi kabla ya mlango wa maktaba. Mimi nikapanda. Yeye akasimama kwenye ya kwanza, akashika ukingo, akafumba macho. Mwalimu mkuu wa sasa akauliza kama kuna kiti. Binti yangu akasema kipo, kwenye buti la gari.

Ndugu msomaji, wifi yangu alipandishwa kwa njia ya pembeni akiwa ndani ya kiti changu. Na nani alikuwa kakishika nyuma? Daktari alinikataza kubeba vitu, hakunikataza kusukuma. Kwa kweli kilinisaidia kusimama. Lakini kwenye picha haitaonekana.

Nikamsukuma polepole.

Karibu na utepe akanivuta mkono, akanong'ona. Wifi, nipe viatu vyangu. Nikamwuliza kwa upole, vyako ni namba ngapi, wifi? Mpiga picha alikuwa anatungoja. Wifi akasema: thelathini na nane.

Nikamwambia basi hivyo ulivyovaa ndivyo vyako.

Tukashika mkasi. Tukakata. Sijawahi kuona utepe unakatwa kwa hasira namna ile.

Kwenye chakula tulikaa meza moja, kitambaa kirefu hadi sakafuni. Nikasikia anavua. Akashusha pumzi kama tairi. Na mimi nikavua, sijui kwa nini. Mguu wake ukaugusa wangu huko gizani, ukabaki pale. Ulikuwa wa moto. Kisigino kwa kisigino, kidole kwa kidole, sawasawa. Mapacha. Wifi alikuwa akitazama maua ya mezani na macho yake yamelowa.

Nilitaka kumwambia. Nilikwisha fungua kinywa. Wifi akatangulia, akasema anaona miguu yangu imepungua siku hizi, ni ugonjwa.

Nikafunga kinywa.

Jumapili, tarehe 19 Januari

Niko kitandani. Daktari kaja, kasikiliza kifua, kanikemea. Kauliza nani aliniruhusu kusukuma mtu mzima. Binti kalia jikoni akidhani sisikii. Safari hii naona mvua yenyewe, si mawingu.

Kwa hiyo nimeamua kutubu kweli. Nimelala asubuhi nzima nikifikiri. Wanawake wawili wazima, wenye elimu, mguu mmoja. Maisha yote tumetembea kwa maumivu ili tusiambiane namba. Ingetosha mmoja wetu kucheka kwanza. Tungeazimana viatu!

Nikamwomba binti anipe simu. Nilikuwa nimpigie wifi, nimwambie aje avichukue vyake, nimwambie najua, nimwambie na mimi. Hata maneno nilikuwa nayo.

Kwanza nikampigia fundi viatu, ili namba ya kiwandani irudishwe na kila kitu kiwe wazi. Akasema mama mkuu, foleni ni ndefu, wifi yako alikuwa hapa tangu asubuhi. Kanunua jozi mpya. Kataka zigongwe thelathini na saba.

Thelathini na saba!

Nikamwambia fundi avichukue hivi vya kahawia, avipige msasa, agonge thelathini na sita. Nene, ionekane kwa mbali. Binti amepewa maagizo na ameandika: nikifa nivalishwe gauni la maua ya bluu na viatu hivyo, na nilazwe nyayo zikielekea mlangoni, ili kila anayekuja kuniaga aanze kuzisoma. Wifi atangulizwe mbele, kwa heshima.

Simu ya toba itasubiri. Kufa pia. Fundi kasema vitakuwa tayari Alhamisi, na Alhamisi ya fundi naijua. Itanibidi niishi hadi mwezi wa sita.