Mfungo Wangu Hadharani

Jumatatu, 10 Machi
Nimeanza mfungo wa siku tano. Nimeutangaza kwenye stetasi na kwenye grupu ya kanisa, watu wasije wakadhani ni ugonjwa. Jumapili Mchungaji Ajwang anateua msimamizi wa maombi ya mtandaoni. Mafuriko yalinitoa Ahero miaka ishirini na miwili iliyopita, nikiwa mzee wa kanisa mwenye kiti chake cha mbele. Hapa Katito bado naitwa mgeni. Msimamizi hawezi kuitwa mgeni. Mpinzani wangu ni Obonyo, fundi wa baiskeli, ambaye kila alfajiri huweka aya na kukosea kitabu.

Jumanne, 11 Machi
Nimeamka mapema nimtangulie Obonyo. Alikuwa ameshaweka. Nimemkumbusha kwa upole, mbele ya wote, kwamba Yona hakumezwa katika kitabu cha Yoeli. Akajibu, "Asante, Jaduong', mzee wetu, njaa imekunoa macho." Watu kumi na wanne wakaweka nyuso za kucheka. Nimemsamehe hadharani. Mara mbili, maana mara ya kwanza hakuna aliyeona.

Jumatano, 12 Machi
Mke wangu Beldina amekaanga ngege. Nikamweleza kwamba hata manabii walikula. Akauliza kama walikuwa wametangaza kwanza. Nimekula upande mmoja tu wa samaki. Kisha nikaipiga picha Biblia ikiwa wazi mezani, Isaya hamsini na nane, sura ya mfungo, na kuandika: "Siku ya tatu. Mwili unakonda, roho inanenepa." Mwanga wa dirishani ulikuwa kama ule wa nyumba yetu ya zamani, kabla maji hayajaingia. Picha bora niliyowahi kupiga.

Alhamisi, 13 Machi
Lorine, katibu wa kwaya, ameivuta picha yangu kwa vidole viwili. Akauliza, mbele ya watu mia moja na sita, kichwa kinachochungulia nyuma ya Isaya ni cha nani. Nimejibu kwamba ni kivuli. Akasema basi kivuli kina jicho na kitunguu. Obonyo akaandika kwamba hatimaye samaki wa Yona amepatikana. Nikafafanua kuwa sahani ilikuwa ya mke wangu. Beldina, ambaye hajawahi kuandika neno kwenye grupu hiyo, akaandika: "Mimi nilipewa mkia."

Jumapili, 16 Machi
Ameteuliwa Obonyo. Mchungaji akaniita kando, akauliza kama ile sura niliipiga picha tu au niliisoma pia. Nikamwambia nimeisoma kwa lugha tatu. Akanionyesha mahali panapotaka tuwagawie wenye njaa. Akasema Apiyo, mjane wa nyumba ya pili kutoka kwangu, amelala ndani wiki nzima na mguu uliovimba. Nimempelekea unga na samaki. Alifurahi, akaniita jirani, akaniomba nikae tuzungumze kidogo. Nilikuwa nahangaika na mwanga. Picha zote tano zimetoka na giza.

Jumatatu, 17 Machi
Nimefungua grupu yangu mwenyewe, Wanyenyekevu wa Kweli. Msimamizi ni mimi. Niliwaingiza wote mia moja na sita bila kuwasumbua kwa kuwauliza. Kufikia saa nane mchana tumebaki wawili, mimi na Obonyo. Nimempa cheo cha naibu, ili kanisa lijue nani yuko chini ya nani.