Hotuba ya Kuzindua Kituo cha Warushaji Softiboli, Katandala

Mheshimiwa Mgeni Rasmi uliyetuma udhuru, waheshimiwa wawakilishi wa vyama vyote vya siasa, kile cha zamani na hivi vipya ambavyo bado sijavikariri, Baba Paroko, wazee wetu Wafipa, wafugaji wetu mliotoka Usukumani, wafanyabiashara wa Mbeya, na nyinyi mabinti warushaji mliopangwa mistari tangu asubuhi na upepo huu, itifaki imezingatiwa. (Makofi machache, wengi wameficha mikono makwapani kwa baridi.)

Katika zama hizi za soko huria, Kamati ya Muda ya Uendelezaji Softiboli Ufipa, chini ya uongozi wangu mahiri, ambao nisingeusifu mwenyewe kama wenzangu wasingechelewa kuusifu, imekamilisha feizi wani, yaani stratejia ya urushaji na fokasi ya akili: binti avute pumzi, asahau mrusho uliopita, amtazame mpigaji mwenye gongo, ampe mrusho wa kasi, kisha amzuge kwa wa polepole. Haya tumeyafundisha miezi kumi na minne bila mpira, kwa sababu za kitaalamu, kwani mpira huvuruga fokasi, na takwimu zinaonyesha kwamba kipindi chote hicho hakuna mrusho hata mmoja uliokosea. (Kicheko nyuma.) Anayecheka aje achukue kipaza sauti.

Nimtaje Minza, binti wa mzee Ngeleja, mfugaji wa Ilemba, ambaye kwa kufukuza ndege kwenye mtama amepata mkono wa ajabu. Mwaka jana nilimshauri mimi mwenyewe aikatae nafasi yake ya sekondari, kwa kuwa mashindano ya kanda, Mbeya, yangempatia shule bora zaidi, na leo amekuja na sanduku lake. (Minza anasimama: "Shikamoo mheshimiwa. Naomba kujua, basi letu la Mbeya linaondoka saa ngapi?") Marahaba. Swali zuri, ila linaonyesha fokasi imeyumba. Kaa, mwanangu. (Mzee Ngeleja: "Ajibiwe, mheshimiwa. Ile nafasi yake alishapewa mwingine.") Mzee wangu, maswali yatajibiwa kwa maandishi.

Nikisema softiboli, mnaitikia ajira. Softiboli. (Watu wanatazamana.) Softiboli. (Katibu: "Ajira.") Ahsanteni sana.

Namalizia kwa kuwashukuru wakubwa wa kanda, walioniandikia kwamba mashindano hayo hawayajui wala kituo hiki hawajakisikia, barua ninayoichukulia kama mwanzo mzuri wa mawasiliano. Namshukuru mwenye uwanja huu, ambaye jioni anarudisha mbuzi wake. Na nakushukuru wewe Minza, maana bila wewe leo nisingekuwa na kitu cha kuzindua.