Uchaguzi Ndani ya Kabati la Nguo

Jumatatu, 3 Juni

Ukombozi! Nimehamisha mafaili yote ya familia kutoka kwa makampuni makubwa na kuyaweka kwenye seva yangu mwenyewe: kompyuta kuukuu ndani ya kabati la nguo. Programu huria tupu, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzinakili na kuzibadili. Hakuna bwenyenye atakayechungulia picha zetu tena. Mke wangu naye hawezi kuziona kwa sasa, ila hilo ni suala la muda. Analalamika magauni yake yanapata moto. Nimemweleza kwamba uhuru una joto lake.

Jumanne, 4 Juni

Mwenyekiti wa wapangaji wa jengo letu amehama. Uchaguzi Jumamosi. Nagombea! Mpinzani wangu ni Muuza Magodoro wa ghorofa ya chini. Sera yake: kutengeneza geti. Geti! Sera yangu ina kurasa kumi na nne, na saba za mwanzo ni kuhusu leseni za programu.

Nesi wa mlango wa pili kaniuliza kama na mimi nitatengeneza geti, maana akitoka zamu hukwama nje. Nikamwambia geti bila uhuru ni jela. Akafunga mlango. Watu wengine hawasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Jumatano, 5 Juni

Ushindi wa kwanza. Kikao cha wapangaji kimekubali kura zipigwe kwenye seva yangu badala ya boksi la viatu. Nimeahidi uwazi kamili: kila kura itaonekana, pamoja na jina la aliyeipiga. Nesi akauliza, kwani kura si siri? Nikamjibu kwamba siri ni silaha ya makampuni makubwa. Muuza Magodoro akasema yeye hana neno. Maskini, hajui anachimbiwa kaburi.

Nyumbani mke wangu kaniomba kura ziwe za siri. Kaomba tena wakati wa chakula. Nikamwambia mwenye haki haogopi.

Ijumaa, 7 Juni

Seva inakokota miguu. Nimechunguza. Ni shemeji, kaka wa mke wangu, aliyekuja kulala kwenye kochi letu wiki moja tu, tangu mwaka jana. Ameweka gemu la vifaru vya vita humo humo na kualika rafiki zake. Nikamwambia anahujumu demokrasia. Akanikumbusha kwamba gemu ni huria, na aliyemfundisha kuliweka ni mimi.

Nikaingia nilifute. Nikacheza kidogo, kupima tu. Wakanilipua. Nikarudi kulipiza kisasi. Wakanilipua tena. Sijalifuta. Kuondoka sasa itakuwa aibu.

Jumamosi, 8 Juni

Asubuhi seva ilizimika. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea, alichomoa waya apige pasi. Sikumfokea. Nilitoka nje nikaufokea ukuta, kisha nikarudi kuiwasha upya.

Jioni wapangaji wote wakakusanyika uani, matokeo yakatokea ukutani kwa projekta ya kuazima. Muuza Magodoro: kura zote zilizobaki. Mimi: kura moja. Yangu.

Jina la kwanza kwenye orodha yake lilikuwa la mke wangu. La pili, shemeji. Hata mama mkwe alikuwamo, na haishi hapa. Nilisahau kuwazuia wageni. Nesi akajifanya anatafuta funguo. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kinatundika nguo hizo juu ya seva yangu!

Nyumbani nikamuuliza mke wangu kwa nini. Akasema alishaniomba iwe siri. Akasema nikishinda atanikosa kabisa; hata sasa anaona mgongo wangu tu. Machozi yalikuwa yakimlengalenga. Iliniuma, kweli. Nikatafuta neno zuri la kumwambia. Nikamwahidi kutengeneza programu ya kupanga muda wetu. Akaenda kulala na mama yake.

Jumapili, 9 Juni

Geti limetengenezwa. Linafunguka vizuri, sina la kusema.

Mama mkwe kanikumbusha kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Nimekubali. Lakini sisi watu wa programu huria tuna utaratibu wetu: usipoelewana na kundi, unachukua nakala ya kazi yao na kuanzisha lako. Nimeanzisha kamati yangu ya wapangaji. Mwanachama: mimi. Uchaguzi umefanyika leo, na safari hii kura ni siri, kama mke wangu alivyoshauri. Nani kasema simsikilizi?

Amenialika tukatembee, wawili tu. Amevaa gauni lenye joto. Nimemwambia anisubiri nje, nahesabu kura.

Iliyopigwa: moja. Iliyoharibika: moja.

Namshuku Muuza Magodoro.