Daktari wa Njaa ya Nzige

Johannesburg nzima hakuna anayeijua njaa kama Othmani! Sisemi mimi, kasema mwenyewe, tena kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya barabara. "Njaa si tumbo, bwana. Njaa ni peptidi!"

Othmani wetu wa Tanga anasomea udaktari. Si wa kutibu watu, la! Wa nzige. Anawanyima chakula, kisha anatoa ubongo na utumbo wao akapime peptidi, yaani zile kemikali ambazo ubongo na utumbo hutumiana kuambiana "nina njaa" au "nimeshiba". Kazi ya maana, sibishi. Ila bwana huyu hata hajamaliza masomo, keshabandika "Dkt." mlangoni. Eish!

Nzige wenyewe kawaweka kwenye sanduku la kioo, ukumbini mwa nyumba tunayopanga pamoja hapa Bertrams. Ole wako uwape hata jani!

Basi akaposa. Kamposa Zubeda, anayeuza vitambaa na mjomba wake, Mzee Shehe, kule Malvern. Tukamwambia atafute mshenga mwenye ulimi mtamu amsemee. Wapi! "Mshenga wa nini? Utafiti wangu utanisemea." Mjomba akasema kabla ya kuijibu posa atakuja kwanza aone kijana anavyoishi. Jumapili akaja, Zubeda akimwendesha. Mimi nikaitwa nikae upande wa mposaji, tusionekane wachache.

Wageni hawajakaa vizuri, Othmani kafungua kompyuta. Mchoro! Mstari mwekundu umepanda hadi juu kabisa ya kioo.

"Mjomba, hawa hawajala wiki nzima. Ona ujumbe wa njaa ubongoni unavyopaa! Mimi nzige hanidanganyi!"

"Mashallah," akasema Mzee Shehe, macho yako jikoni. Adhuhuri ilishapita zamani. Chai hakuna, hata maji hakuna. Nikamkonyeza Othmani, nikajishika tumbo.

"Naam, utumbo! Ndiko naelekea!" Akafungua mchoro mwingine. Nilitamani nimzabe kofi.

Mara akaingia Murielle, msusi wa Bukavu anayepanga chumba cha nyuma, kakumbatia majani ya kabichi.

"Pardon! Nilizani hamuko. Naletea banzige chakula."

"Chakula gani?" Othmani akageuka kwa kasi.

"Docteur, mi nabapatiaka kila asubui ukitoka. Nitakula namna gani, na benyewe bananiangalia?"

Mzee Shehe akavua miwani. "Wiki nzima wamekula?"

"Banakula sana, Papa! Banashiba mpaka banalala."

"Sasa huu mstari wa njaa umetoka wapi, mwanangu?"

Othmani akajikuna shingo. "Hayo ni... matokeo yanayotarajiwa, Mjomba. Mashine ya kupimia nimepewa Jumatano."

"Jumatano iliyopita?"

"Ijayo."

Zubeda alicheka mpaka ushungi ukamteleza, kisha akaurudisha kichwani. "Nyumbani nimekutetea mpaka nimegombana na mama," akamwambia. "Nikasema angalau huyu ni mtu wa ukweli." Hapo hata mimi niliona aibu, na si mimi niliyechora.

Murielle akawatazama wageni. "Lakini mumekula?"

Swali lenyewe hilo! Daktari wa njaa hakulifikiria. Wageni hao, wakahamia chumbani kwa Murielle, kwenye fufu, ule ugali wa kwao, na sombe, kisamvu chao cha samaki. Nami nikawafuata. Nilikuwa upande wa mposaji, ni kweli, lakini nilikuwa na njaa.

Tuko katikati ya kula, Othmani akaja kusimama mlangoni, kompyuta kwapani.

"Mjomba, na jibu la posa yangu?"

Mzee Shehe akafinyanga tonge lake taratibu, akalichovya.

"Jibu? Si ujichoree tu!"